Burudani ni Neno Kubwa

Kosa lilikuwa dogo, na mimi sikulisikia. Yalikuwa mazoezi ya kwaya, Jumatano jioni, katika kanisa moja la hapa Singida Mjini, upepo unapigapiga mabati kama kawaida yake. Mwalimu wa kwaya, kijana aliyekwenda kusomea muziki akarudi na vyeti, alikuwa ameandika ubaoni wimbo mpya kwa do-re-mi: sauti ya kwanza juu, ya pili chini yake, ya tatu na ya nne kwetu sisi wanaume. Maneno yalikuwa ya Kinyaturu, lahani aliitunga mwenyewe. Tukaimba mara mbili, ikatoka safi. Mara ya tatu mama mmoja wa sauti ya pili, muuza vitunguu sokoni, asiyejua do wala re, akafunga mdomo huku wenzake wanaendelea. Mwalimu akagonga meza kwa kalamu, tukanyamaza.

"Vipi mama, umechoka?"

"Sijachoka, mwalimu. Hapo katikati sipaimbi. Ukilipandisha hilo neno hapo umeshasema neno lingine, na hilo lingine si la kusemea mbele ya madhabahu."

Wazee wawili wa sauti ya nne walicheka mpaka wakashika magoti. Mwalimu, ambaye Kinyaturu chake ni cha mjini, aliutazama ubao kama mtu aliyeibiwa. Halafu akafuta nota mbili kwa kiganja na kuuliza, "Wewe ungelipitisha wapi, mama?"

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nani kati yetu alikuwa ameusikia ule wimbo. Mwalimu alisikia sauti nne zikikaa vizuri, na kweli zilikaa. Mama alisikia neno likitoka njiani. Mimi niliona raha tu, na raha yangu haikuwa ya uongo.

Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno kama zilivyo konsonanti na irabu zake, na kina kituko kimoja kilichowavuta wanaisimu kutoka mbali: toni ya juu huzaliwa kwenye silabi moja ikaenda kusikika kwenye silabi inayofuata. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili, lugha iliyoachana na toni zamani, tunaweza kulivisha neno lahani yoyote na lisilalamike. Mrimi hana uhuru huo. Ukimtafsiria tenzi ya Kizungu ukamwachia na lahani yake ileile ya Kizungu, unampa sentensi ambayo ulimi wake unaitamka na sikio lake linaikataa. Watu wameimba hivyo kwa adabu, vizazi na vizazi.

Mmoja wa waliolishika jambo hili kwa mikono miwili alikuwa mgeni. Howard Olson, Mmarekani wa misheni ya Kilutheri aliyefika Tanganyika miaka ya 1940, alijifunza Kirimi mpaka akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu sauti zake na maumbo ya maneno yake, iliyochapishwa mwaka 1964. Hakuishia kwenye sarufi. Alikusanya lahani za wenyeji kutoka sehemu mbalimbali za nchi akazitia maneno ya ibada, na nyimbo za mkusanyo wake wa Tumshangilie Mungu zimeimbwa makanisani hadi leo, nyingine zikavuka bahari na kuingia katika vitabu vya nyimbo vya Wamarekani. Wamisionari wengi kabla yake waliisikia ngoma wakadhani ni mlango wa shetani. Yeye alisikia lugha. Sauti ilikuwa ileile.

Basi swali la kama muziki ni zaidi ya burudani, na nani anauthamini ipasavyo, mimi nalianzia kwa mama wa vitunguu. Kwa kawaida huwa halianzii hapo. Redioni muziki hupangwa baada ya taarifa ya habari na kabla ya michezo, kama kachumbari pembeni ya pilau. Kwenye warsha na makongamano hupandishwa cheo: tunaambiwa kwamba muziki si burudani tu, ni elimu, ni tiba, ni ajira, ni utambulisho wa taifa. Wanaouteremsha na wanaoupandisha wamekubaliana jambo moja bila kujua, kwamba burudani ni kitu kidogo. Hapo ndipo ninapoachana nao wote.

Burudani na baridi ni ndugu wa tumbo moja, wametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Kuburudika ni kupoa. Mtu wa Singida anayetembea mwezi wa kumi kutoka Mandewa hadi sokoni, jua la kiangazi linamchoma utosini na vumbi linamwingia puani, hahitaji kuelezwa kwamba kupata baridi si jambo la anasa. Wazee wakisema fulani amepata baridi ya moyo hawasemi kwamba amechezacheza. Wanasema kilichokuwa kinaungua kimezimika. Tena Waswahili wa pwani, mtu akishikwa na pepo, humpunga kwa ngoma, kwa kitenzi kilekile cha kujipungia upepo siku ya joto. Lugha yenyewe ilishaamua zamani kwamba kuna joto ndani ya watu na kwamba ngoma ni mojawapo ya njia za kulitoa. Neno lenyewe ngoma limebeba mzigo usiokuwa na kifani: ni chombo, ni wimbo, ni uchezaji, ni sherehe nzima, ni tiba ya pepo, ni jando na unyago, na kwa vijana wa stendi ya Misuna ni wimbo mpya ulioingia kwenye simu leo asubuhi. Mwanaanthropolojia John Janzen, aliyewafuata waganga wa ngoma kutoka Kinshasa na Dar es Salaam hadi kusini mwa bara, alichapisha kitabu kizima mwaka 1992 na neno hilo kichwani mwake, Ngoma.

Wapo wanaokataa, na si watu wa kupuuzwa. Mwaka 1997 Steven Pinker, mwanasaikolojia wa Marekani, aliufananisha muziki na keki: keki ni tamu kwa sababu inachokonoa tamaa ya sukari na mafuta tuliyoumbiwa kwa kazi nyingine, na muziki vilevile unachokonoa viungo vya lugha na hisia vilivyoumbiwa kazi nyingine. Ukiondolewa duniani leo, kwa hesabu yake, maisha ya binadamu yangeendelea karibu kama yalivyo. Hoja hii ina ukali wake, kwa kuwa inatulazimisha kuonyesha kazi. Tuionyeshe basi.

Ninaweza kuanzia maabara. Huko Montreal, Kanada, mwaka 2011, Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao walionyesha kwamba mtu anaposisimkwa na wimbo anaoupenda ubongo wake humwaga dopamini, kemikali ileile inayohusika na chakula na tamaa nyingine za kuishi. Sehemu moja ya ubongo huanza kazi kabla kilele cha wimbo hakijafika, wakati mtu bado anakisubiri, na nyingine hushika zamu kilele kinapofika. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Barcelona wakishirikiana na huyohuyo Zatorre wakatueleza habari ya watu wenye masikio mazima, wanaofurahia pesa kama mimi na wewe, ambao muziki hauwaambii kitu. Nawahurumia, lakini pia wananifundisha: raha ya muziki ina mlango wake peke yake, na mlango huo unaweza kufungwa huku mingine iko wazi. Halafu mwaka 2018 Samuel Mehr na wenzake wa Harvard waliwasikilizisha watu 750 wa nchi 60 vipande vifupi vya nyimbo kutoka jamii 86 za dunia, wakawauliza kila wimbo ni wa nini. Wimbo wa kumbembeleza mtoto na wimbo wa kuchezea, watu waliutambua hata kama hawakujua lugha wala mahali ulikotoka. Wimbo wa mapenzi uliwashinda. Jambo hilo halikunishangaza. Mapenzi hata kwa lugha ya mama watu hawaelewani.

Ila ushahidi ninaouamini zaidi hauko maabara. Uko barabarani saa kumi na mbili asubuhi, watoto wa shule ya msingi wanapokimbia mchakamchaka. Simama ukingoni uangalie. Mwimbishaji anatupa mstari, miguu mia inajibu kabla ya midomo, vumbi linaruka kwa pamoja. Mmoja wa nyuma amebanwa na kichomi, amejishika ubavuni, anataka kusimama. Hasimami, kwa sababu kiitikio hakijaisha na mguu wake una sehemu yake katika kile kiitikio. Kikiisha anapungua mwendo, mwimbishaji anarusha kingine, naye anachukuliwa tena. Mwanahistoria William McNeill alichezeshwa gwaride kama kuruta huko Texas mwaka 1941, gwaride lisilo na faida yoyote ya kivita, na raha ya ajabu aliyoipata kwa kupiga mguu pamoja na wenzake ilimkaa moyoni zaidi ya nusu karne mpaka akaiandikia kitabu mwaka 1995. Mtoto yeyote aliyesoma Tanzania angemweleza hayo kwa dakika mbili.

Majirani zetu wa kaskazini na magharibi, Wasukuma, ambao wengi wamehamia na kulima ndani ya mkoa huu wetu, walilifanya jambo hilo kuwa utaratibu wa uchumi. Frank Gunderson, aliyekusanya nyimbo zao za kazi, anaonyesha jinsi wapagazi, wawindaji na vikundi vya kulima vilivyokuwa na nyimbo zao. Bugobogobo, ngoma ya jembe, ilichezwa shambani huku ngoma zinapigwa mbele ya safu ya walimaji. Jembe linaruka hewani, linadakwa, linashuka ardhini kwa mpigo mmoja. Eka ikilimwa kwa namna hiyo, ukamwuliza mwenye shamba kama ile ngoma ilikuwa burudani au kazi, atakuona huna akili timamu.

Na serikali? Serikali haijawahi kuamini kwamba muziki ni mchezo. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake Wapo. Haikupita siku nyingi akaachiwa, na Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo na uendelee kupigwa. Katika kukamatwa na katika kuachiwa, dola ilisema jambo lilelile: hiki kitu kina nguvu. Hakuna anayemkamata muuza keki.

Nadhani sehemu ya kwanza ya swali imejibika. Ya pili, ya nani anauthamini ipasavyo, ndiyo ngumu.

Jibu maarufu kuliko yote nchini kwetu alilitoa Mwalimu Nyerere, Bungeni, tarehe 10 Desemba 1962, siku alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliwakumbusha wasomi wenzake kwamba shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu, lakini za Wanyamwezi na Wahehe hapana. Kwamba wanajua rumba, chacha na waltz, ila gombe sugu na mangala wengine hawajazisikia hata jina. Akaenda mbele zaidi: akasema ni vigumu kwa mtu kupata msisimko wa kweli kutoka muziki usiokuwa katika damu yake, na kwamba ngoma ya nyumbani hata kama ni kokoto tu zinazotikiswa ndani ya kopo humgusa mtu kuliko piano. Kwa Mwalimu, basi, anayeuthamini muziki ni mwenye nao.

Mama wa vitunguu angempigia makofi. Mimi napiga kwa mkono mmoja.

Damu haielezi rumba. Kuanzia mwaka 1933 sahani za santuri zilizobandikwa herufi GV zilileta muziki wa Kuba Afrika, na kufikia uhuru miji mingi kati ya Mombasa na Tabora ilikuwa na bendi zinazopiga kwa mwendo huo. Hotuba ya Mwalimu yenyewe ilitolewa katika nchi ambayo vijana wake walikuwa wameshalifanya gitaa la umeme kuwa la kwao. Damu haielezi Kilingala vilevile. Miaka na miaka watu wa Singida wamelia kwa nyimbo za Kongo bila kujua neno moja. Na damu haimwelezi Saida Karoli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitoka Bukoba na ngoma na nyimbo za Kihaya, na Maria Salome ikapigwa kila harusi, kila baa, kila basi la Mwanza lililopita hapa. Walioijua kwa moyo wakati ule hawakujua kinachosemwa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliichukua wakaifanya Salome, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakaicheza tena, nao bila Kihaya. Kuna Muhaya mmoja, jirani yangu, ambaye hukasirika kila ikipigwa. Anasema tunaimba kama kasuku. Namwambia kasuku hatoki machozi.

Hata hivyo nusu ya neno la Mwalimu inasimama. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, mwalimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alizunguka dunia na zeze lake na ilimba. Huko Ulaya watu walikaa kimya kwenye viti, wakamaliza kwa makofi marefu. Sina shaka waliguswa. Lakini muziki wa Kigogo, unaopigwa pia hapa mkoani kwetu upande wa Manyoni, umejengwa ukiwa na nafasi za kujazwa na wengine: sauti moja inatangulia, nyingi zinaipokea, akina mama wameshika ngoma za muheme kati ya mapaja, miguu inagonga. Msikilizaji aliyekaa kimya anapewa wimbo wenye mashimo pale alipotakiwa kuwepo yeye. Ameupenda, ila hajaingia ndani yake.

Vipi kuhusu mtaalamu, mwenye do-re-mi yake? Ulaya imejenga imani nzima juu yake: muziki unaeleweka na waliosoma, wengine wanafurahia juujuu. John Blacking, Mwingereza aliyekaa na Wavenda wa kaskazini mwa Afrika Kusini miaka ya 1956 hadi 1958, alirudi akiwa ameacha imani hiyo. Kule alikuta kila mtu wa kawaida anahesabiwa kuwa mwanamuziki, akauliza katika kitabu chake cha mwaka 1973 kwa nini jamii yake inawaita watu wengi kuwa hawana kipaji, ilhali inawategemea haohao wawe na masikio ya kununua tiketi. Hapo namkubali. Ila nisimdharau mwalimu wetu wa kwaya: bila ubao wake sauti nne zingegombana, na alikuwa na unyenyekevu wa kufuta. Wapo wenye vyeti wasiofuta.

Wasukuma walikuwa na jibu kali zaidi, nami nalipenda kwa ukatili wake. Baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyojinasibisha na mafundi wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Vikundi vinapiga pande mbili, na watu wako huru kuhama. Wanakwenda, wanarudi, wanasita katikati. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Hakuna jopo la majaji wala fomu ya alama. Kura inapigwa kwa miguu, vumbi ndiyo karatasi yake. Na kwa kuwa umati unaweza kuvutwa kwa mbinu, kila upande ulikuja na dawa zake za mvuto. Leo dawa hizo zimehamia kwenye simu, zinaitwa matangazo. Umati ni jaji mwenye haki kwa sababu hauoni haya, na ni jaji mbovu kwa sababu unafuata umati mwingine.

Dini zetu mbili za mjini hapa nazo zililikabili swali hili mapema, na wanazuoni wawili ninaowakumbuka walikuwa na wasiwasi. Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alikiri katika Maungamo yake kwamba alihisi ametenda dhambi kila alipoguswa na sauti ya mwimbaji kuliko na jambo linaloimbwa, lakini alikumbuka machozi aliyolia kwa nyimbo za kanisa siku za kuongoka kwake, akashindwa kuzifukuza. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika kitabu chake cha Ihya mlango mzima wa kusikiliza. Hakuuliza tu kama sauti ni halali. Aliuliza nani anayesikiliza, wakati gani, mahali gani, pamoja na nani. Kwa mtazamo wake, sauti nzuri haiingizi moyoni kisichokuwamo, inakichochea kilichomo. Ndiyo maana dufu la Maulidi linaweza kumpandisha mmoja katika kumkumbuka Mtume huku jirani yake aliyekaa jamvi moja naye anafikiria biriani. Tangu nisome maelezo ya hoja hiyo, mjadala wa muziki mzuri na mbaya umenipungukia ladha. Nimekuwa nikitazama zaidi nyuso za wasikilizaji.

Pwani waligeuza hoja hiyo kuwa desturi inayoonekana kwa macho. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, aliimba habari za mitaa na mahakama kiasi kwamba wasikilizaji wake wa Ng'ambo, Zanzibar, walijua ni nani anayesemwa. Katika taarabu iliyofuata, mama anayeguswa na ubeti huinuka, hujongea jukwaani kwa mwendo wa maringo, humtunza mwimbaji noti huku anamtazama pembeni mtu ambaye ubeti huo unamhusu. Kelly Askew, aliyeishi na vikundi vya taarabu vya Tanga, aliona kwamba katika tendo hilo mtunzaji anakuwa mtungaji wa pili: maneno yameandikwa na mwingine, lakini maana ya usiku ule ameitoa yeye. Mwimbaji huenda hajui ugomvi wenyewe. Anayejua ni mwenye noti na anayetazamwa.

Nimeanza kuona jibu langu hapo. Anayeuthamini muziki kuliko wote ni anayeupokea na kuurudisha: mwitikiaji. Si lazima awe mzaliwa, wala msomi, wala awe na sauti. Kigezo changu ni kimoja: akiondoka, wimbo unapungukiwa? Mtoto mwenye kichomi akiondoka, kiitikio kinapata pengo. Mama mwenye noti akibaki kitini, ubeti unabaki wa kitabuni. Mama wa vitunguu aliponyamaza, mwalimu alisikia ukimya wake kuliko sauti za sisi wengine wote.

Najua kinachoweza kusemwa dhidi yangu. Dereva wa bodaboda wa Kibaoni aliyeziba sikio moja kwa spika ya sikioni, kijana anayesikiliza peke yake saa nane za usiku, mzee anayewasha redio ili azisikie bendi za Msondo na Sikinde za ujana wake: hawa wanamwitikia nani? Nimelifikiria hili kwa muda, na sina jibu linaloziba kila tundu. Ila nimewatazama. Bodaboda anagonga tangi la mafuta kwa vidole viwili, na anagonga pale gitaa linapoacha nafasi, hagongi popote tu. Mzee hunyamaza wakati wa ubeti, na ikifika sehemu ya kuitikia midomo yake inacheza bila sauti. Pengine hata msikilizaji wa pekee ana kundi lake ndani. Na pengine ninavuta kamba upande wangu. Msomaji ana haki ya kuniambia hivyo.

Mwaka huu tulimzika mmoja wa wale wazee wawili waliocheka.

Makaburi ya huku yanachimbwa kwa shida, chini kuna mawe na changarawe ngumu, na kulijaza kaburi kunachukua muda. Desturi ni kwamba kwaya inaimba tangu jeneza linaposhushwa hadi tuta limalizike, bila kuacha nafasi ya kusikia udongo unavyoanguka juu ya ubao. Wimbo wa beti tatu unarudiwa mara nne, tano, kadiri sepetu zinavyotaka. Nyimbo za ubaoni zikatuishia, tukazirudia, sauti za akina mama zikaanza kukauka kwa upepo. Mjane alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, hatazami popote.

Ndipo mama wa vitunguu akauanzisha ule wa Kinyaturu, na neno akalipitisha kwenye njia yake. Wa kwanza kumwitikia alikuwa mjane, kwa sauti ambayo haikukaa kwenye nota yoyote. Wazee wakapokea, kisha sisi. Nilimtafuta mwalimu wa kwaya kwa macho, nikitaka kuona kama ataongoza. Hakuwa na kalamu. Alikuwa amevua koti na kushika sepetu, anatupa udongo kwa mwendo wa wimbo, na kila kiitikio kilipofika aliitikia kwa pumzi iliyobaki.